Evans Hakuibiwa, Alifagia Njia

Swali limenifikia tena juzi pale Kilindoni, kisiwani Mafia, na kama kawaida limekuja likiwa na jibu lake tumboni: "Mzee, hivi Toyota walimfanyia nini Elfyn Evans mpaka akakosa ubingwa?" Aliyeuliza ni kijana wa bodaboda. Kabla yake aliniuliza mwalimu, na kabla ya mwalimu aliniuliza nahodha wa mashua ambaye hufuatilia mbio za magari kwenye simu kila anapopata mtandao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Evans alishindwaje. Wote walikwisha kukubaliana kwamba alifanyiwa kitu, na walichotaka kwangu ni maelezo ya namna kilivyofanyika.

Nimeshika saa na kukagua magari kwenye mashindano ya bara kwa muda mrefu, na swali hili nimechoka nalo. Nalijibu hapa mara moja kwa wote: hawakumfanyia kitu. Atakayenisoma mpaka mwisho ataona kwamba sababu za kweli zinavutia kuliko hiyo hadithi ya hujuma.

Msimu wenyewe kwanza. Ubingwa wa dunia wa mbio za magari aina ya rally wa 2025 ulikuwa na raundi 14, kuanzia Monte Carlo mwezi Januari mpaka Saudia mwezi Novemba. Sébastien Ogier wa Ufaransa alimaliza na pointi 293, na Elfyn Evans wa Wales akamaliza na pointi 289. Wote wawili ni madereva wa Toyota. Ogier alitwaa taji lake la 9, akaifikia rekodi ya Mfaransa mwenzake Sébastien Loeb. Lililowauma watu ni hili: Evans alishiriki raundi zote 14, Ogier alishiriki 11 tu. Mtu aliyekaa nyumbani raundi tatu amempita kwa pointi 4 mtu aliyekwenda kila mahali. Hesabu hiyo ndiyo iliyozaa fitina.

Wanaoamini fitina hiyo hunipa hoja tatu. Ya kwanza: amri za timu zipo, kwa hiyo timu ndiyo huchagua bingwa. Ya pili: kila timu ina mtoto wake mpendwa. Ya tatu: magari ni yale yale, basi mmoja akishindwa ni lazima lake liliharibiwa. Nazichukua moja baada ya nyingine.

Amri za timu zipo, na sijawahi kukana. Mwaka 1995, katika raundi ya Catalunya kule Hispania, Subaru walimwagiza Colin McRae amwachie ushindi mwenzake Carlos Sainz. McRae alikasirika na kuendelea kukimbiza gari, na mwisho akaingia kituo cha muda akiwa amechelewa kwa makusudi ili ale adhabu na Sainz apande juu. Mwaka 2002 kule Austria, Rubens Barrichello wa Ferrari aliongoza mpaka mita za mwisho, kisha akapunguza mwendo Michael Schumacher apite. Uwanja mzima ulizomea. Ferrari walitozwa faini ya dola milioni 1 kwa vurugu za kupokezana nafasi jukwaani, na kuanzia 2003 Formula 1 ikapiga marufuku amri za timu, marufuku iliyodumu mpaka 2010.

Sasa tazama matukio hayo yanafanana wapi: kila mtu aliyaona. Amri ya timu haiwezi kufichwa, kwa sababu ni lazima mtu apunguze mwendo, na kupunguza mwendo kunaandikwa na saa. Sisi tunaoshika saa tunaliona jambo hilo kwa sekunde zake. Mwaka 1995 magazeti yaliandika kesho yake, McRae alilalamika hadharani, na ulimwengu mzima ukajua. Kisha Subaru wakafanya nini? Sainz na McRae waliingia raundi ya mwisho, ile ya RAC kule Uingereza, kila mmoja akiwa na pointi 70. Wakaachiwa washindane. McRae akashinda raundi hiyo na ubingwa kwa pointi 90 dhidi ya 85. Dereva aliyenyang'anywa Hispania ndiye aliyetwaa taji. Anayetaka kunishawishi kwamba Toyota walimpa Ogier ubingwa wa 2025 anionyeshe mkondo mmoja tu, yaani kipande kimoja cha barabara kinachopimwa kwa saa, ambao Evans alipunguza mwendo kwa maagizo. Nimeuliza hivyo mara nyingi, na mpaka leo sijaonyeshwa.

Hoja ya pili ni ya mtoto mpendwa. Hapa ushahidi tunao hapa hapa Afrika Mashariki, na unaushinda uongo wote wa vijiweni. Juni 2023 kule Naivasha, katika Safari Rally ya Kenya, Toyota walishika nafasi zote nne za kwanza: Ogier, Kalle Rovanperä, Evans na Takamoto Katsuta. Rovanperä ndiye aliyekuwa akiongoza msimu na kuwania ubingwa. Ogier mwaka ule alikuwa dereva wa raundi chache, asiyewania taji lolote. Tofauti kati yao ilikuwa sekunde 6.7 baada ya siku nzima nzima za vumbi, mawe na maji. Timu inayopanga mshindi ingefanya nini hapo? Ingemwambia Ogier apunguze mwendo, jambo jepesi kabisa, na Rovanperä angeondoka na pointi za mshindi. Haikufanya hivyo. Ogier alishinda, na Rovanperä akautafuta ubingwa wake kwingine na kuupata. Anayesema Toyota ni timu ya kupanga matokeo anieleze Naivasha ya 2023 kabla hajanieleza kitu kingine.

Rudi nyuma zaidi. Mwaka 1984 Björn Waldegård, mzee wa kazi na bingwa wa dunia wa 1979, aliwashindia Toyota Safari. Mwaka uliofuata Toyota walimleta Juha Kankkunen, kijana wa Ufini aliyekuwa hajawahi kushinda raundi hata moja ya ubingwa wa dunia. Kama timu ina mtoto mpendwa, mwaka ule mpendwa alikuwa Waldegård. Aliyeshinda ni Kankkunen, Waldegård akawa wa pili, na kijana huyo baadaye akawa bingwa wa dunia mara nne.

Rudi tena mpaka 1973, mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia, mbio zikiitwa bado East African Safari. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alikuwa kwenye Datsun 240Z. Harry Källström wa Uswidi alikuwa kwenye Datsun nyingine ya timu hiyo hiyo. Baada ya maelfu ya kilometa kila mmoja alikuwa na dakika 406 za adhabu. Walilingana, si kwa kukaribiana bali sawasawa kabisa. Hapakuwa na bosi wa Datsun aliyenyoosha kidole. Ilifunguliwa kanuni ya kuwatenganisha waliolingana, iliyoandikwa kabla gari halijawashwa, ikampa Mehta. Huo ulikuwa ushindi wake wa kwanza kati ya vitano vya Safari. Vinne vilivyobaki alivipata mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982. Kwa miaka yote hiyo, waliomkaribia zaidi mara nyingi walikuwa wenzake wa timu, akiwamo Rauno Aaltonen wa Ufini aliyekuwa wa pili nyuma yake 1980 na 1981.

Watu huona mtindo huo wakadhani wameona siri. Huniambia: "Evans amekuwa wa pili 2020, 2021, 2023, 2024 na 2025, na mara nne kati ya hizo aliyemshinda ni mwenzake wa Toyota. Hilo si bahati." Ni kweli si bahati. Toyota walishinda raundi 12 kati ya 14 za msimu wa 2025: Ogier 6, Rovanperä 3, Evans 2, na Oliver Solberg 1. Ukiwa dereva wa timu inayoshinda raundi 12 kati ya 14, atakayekushinda atatoka wapi kama si chumba cha jirani? Adui wa dereva mzuri ndani ya timu nzuri ni mwenzake, leo na siku zote. Mwaka 2024, Thierry Neuville wa Hyundai alipokuwa na msimu bora, ndiye aliyempita Evans. Na 2020 Evans aliingia raundi ya mwisho ya Monza akiongoza kwa pointi 14, akateleza kwenye theluji na kutoka nje ya barabara. Ogier akamaliza na 122, yeye 114. Theluji haina mkataba na Toyota.

Hoja ya tatu, ya gari kuharibiwa, ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inatukana mafundi. Injini, turbo na gia boksi za magari haya hufungwa kwa lakiri za FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari. Fundi akigusa bila ruhusa, lakiri hukatika na gari hupewa adhabu. Usiku magari hufungiwa kwenye uwanja ambao fundi haruhusiwi kukanyaga. Mchana mafundi hupewa dakika za kuhesabu, mbele ya wakaguzi, na kila kifaa kinachobadilishwa kina namba. Takwimu za gari husomwa na watu wa FIA. Mwenye nia ya kuhujumu angehitaji kuwahonga watu wengi sana, wakiwamo wale ambao ajira yao ni kumkamata.

Na angehujumu kwa faida gani? Kuna taji la madereva na kuna taji la watengenezaji wa magari, na kwa kampuni hilo la pili ndilo linalouza magari. Pointi za watengenezaji hutokana na madereva wawili wa timu waliofanya vizuri zaidi. Ijumaa asubuhi hakuna bosi anayejua ni wawili gani watafika Jumapili wakiwa na magurudumu manne. Pancha mbili, jiwe moja, maji yaliyoingia kwenye injini, na gari lako la kutegemewa limelala korongoni. Kuharibu gari la Evans ni kujichomea akiba mwenyewe.

Tena ningekuwa mimi napanga kumtawaza Ogier, nisingekubali akae nyumbani raundi za Uswidi, Kenya na Estonia. Ningemwandikisha zote 14. Njama gani hiyo inayoanza kwa kumpunguzia mteule nafasi tatu za kupata pointi?

Wafuatiliaji wa Formula 1 nao wana wimbo wao, wa McLaren, kwamba Lando Norris alibebwa na Oscar Piastri akakandamizwa. Msimu ule ule wa 2025, kule Uholanzi, gari lililokufa kwa kuvuja oili lilikuwa la huyo Norris anayesemwa alibebwa, na Piastri akaondoka akimzidi pointi 34. Kule Monza Piastri aliombwa amrudishie Norris nafasi ya pili kwa sababu mafundi walichelewa kumbadilishia matairi. Aliombwa kwa redio, dunia nzima ikisikia. Mwisho wa msimu Norris alikuwa na 423, Max Verstappen wa Red Bull 421, Piastri 410. Timu inayopanga mshindi haimwachi mtu wa timu nyingine afike pointi 2 nyuma ya taji. McLaren hao hao mwaka 2007 waliwaacha Lewis Hamilton na Fernando Alonso wapimane ubavu mwaka mzima, kila mmoja akapata 109, na Kimi Räikkönen wa Ferrari akapita kati yao na 110. Historia ya wenza wa timu ina hasara nyingi za mabosi walioshindwa kuamua. Za mabosi walioamua kwa siri na siri ikakaa, hazipo.

Kama hakuna hujuma, Evans alishindwaje? Hapa ndipo wengi hawajawahi kupatazama, na hapa ndipo utamu ulipo.

Mbio hizi magari hayaondoki pamoja. Huachwa moja moja, kwa dakika kadhaa kati yake, na kila moja hupambana na saa. Ijumaa, ambayo ni siku ndefu, magari huanza kwa mpangilio wa msimamo wa ubingwa: anayeongoza msimu ndiye anayefungua njia. Jumamosi na Jumapili mpangilio hugeuzwa kulingana na matokeo ya mbio zenyewe, na anayeongoza huondoka nyuma ya wenzake wa daraja lake.

Kufungua njia kwenye barabara kavu ya changarawe ni adhabu. Juu ya tabaka gumu la barabara hukaa mchanga na vijiwe vilivyolegea. Gari la kwanza hukanyaga vitu hivyo, matairi hayashiki, breki huchelewa, kona hupanuka. Kila gari linapopita hutupa kokoto pembeni, na mstari wa tairi husafishika. La tano linapita mahali pagumu, la nane linapita karibu na barabara iliyofagiwa. Asiyeamini aende siku ya kiangazi kwenye njia yoyote ya mchanga kaskazini mwa kisiwa chetu, kuelekea Bweni na Rasi Mkumbi. Kwa mwendo wa polepole, apande pikipiki mahali ambapo hakuna aliyepita tangu jana, kisha apande kwenye alama za gari lililotangulia. Usukani utamjibu.

Tufanye hesabu. Tuseme anayefungua njia hupoteza theluthi moja ya sekunde kwa kila kilometa. Ijumaa yenye kilometa 120 za mikondo inamla sekunde 40. Kumbuka Naivasha 2023 iliamuliwa kwa sekunde 6.7. Dereva huyo hakukosea kona hata moja, gari lake ni zima, na tayari amezikwa.

Sasa rudisha msimu wa 2025 mbele ya macho yako. Evans alikuwa wa pili Monte Carlo nyuma ya Ogier, akashinda Uswidi mwezi Februari, akaongoza msimu. Akaja Kenya mwezi Machi akiwa mfungua njia, na akashinda hata hivyo, mbele ya Ott Tänak na Neuville. Safari ina mambo yake: mvua ikinyesha gari la kwanza hupata njia kabla haijachimbwa, na vumbi likining'inia hewani wa nyuma ndiye anayepofuka. Ushindi ule ulikuwa mkubwa, na baada ya hapo Evans hakushinda raundi nyingine msimu ule. Tangu Ureno mwezi Mei zilianza raundi za changarawe moja baada ya nyingine, na yeye ndiye aliyekuwa mbele ya msimamo, basi yeye ndiye fagio. Ogier, ambaye hakwenda Uswidi wala Kenya, alikuwa na pointi chache, akapangwa nyuma kwenye foleni ya Ijumaa, akapita njia iliyosafishwa. Alishinda Ureno. Alishinda Sardinia.

Kwa maneno mengine, raundi ambazo Ogier alikaa nyumbani zilimnyima pointi kwa mkono mmoja na kumpa barabara safi kwa mkono mwingine. Ni kanuni iliyoandikwa, ya wazi, inayomhusu kila dereva wa kila timu. Unaweza kuichukia, mimi mwenyewe naona inamwadhibu kupita kiasi anayeongoza. Lakini kanuni mbaya ni kitu kimoja na wizi ni kitu kingine. Kwa wavuvi nasema hivi: ngalawa mbili za fundi mmoja wa Jibondo zikiondoka, moja maji yakijaa na nyingine yakitoka, hazifiki pamoja, na fundi hana kosa.

Nisieleweke vibaya, fagio halielezi yote. Agosti na Septemba, kule Paraguay na Chile, Ogier alikuwa amekwisha kupanda kwenye msimamo na anaanza karibu na mbele. Alishinda zote mbili, Evans akawa wa pili zote mbili, na Ogier akashika uongozi wa msimu. Oktoba, katika raundi ya Ulaya ya Kati, Ogier alipata ajali na uongozi ukarudi kwa Evans. Novemba kule Japani, kwenye lami, ambako suala la kokoto halipo, Ogier alishinda na Evans akawa wa pili tena. Wakaenda Saudia, Evans akiwa mbele kwa pointi 3, wawili hao wakiwa wa kwanza na wa pili kwenye foleni ya siku ndefu ya kwanza, kwa hiyo adhabu ya njia waligawana. Ogier alimaliza wa tatu, Evans wa sita. Hapo aliyekuwa bora wiki ile alichukua taji. Na mkondo wa mwisho wa kila raundi hutoa mpaka pointi 5 za ziada, na siku ya mwisho nzima mpaka 5 nyingine. Pointi 4 za msimu mzima zinaingia ndani ya asubuhi moja.

Imani ya gari lililoharibiwa ina mtoto wake hapa Mafia, na huyo ana madhara ya moja kwa moja. Anayeamini kwamba ushindi umefichwa ndani ya chombo huanza kuutafuta ndani ya tanki. Vijana wanatia naftalini, vidonge vya kufukuzia nondo, kwenye petroli wakiamini pikipiki itapata mwendo wa mashindano. Acheni. Naftalini huyeyuka kwenye petroli, lakini petroli inapokauka ndani ya kabureta hubakiza chembe zinazoziba jeti, na moshi wake huacha masizi kwenye plagi na vali. Pikipiki yenye injini ya kawaida haina pa kuitumia hiyo nguvu mnayodhani mmeongeza. Mnachoongeza ni siku za kukaa gereji mkisubiri spea zivuke kutoka Nyamisati.

Mengine nayasema haraka, kwa sababu kila mara huulizwa mwishoni.

Unataka kujua nani kati ya wenza wa timu ni bora? Usianze na msimamo. Anza na orodha ya kuanzia ya Ijumaa. Linganisha muda wao mkondo kwa mkondo. Tazama matairi waliyochagua, magumu au laini, na spea ngapi walibeba. Uliza mvua ilinyesha kabla au baada ya kupita. Tenga lami, changarawe na theluji, usizichanganye. Kisha jumlisha ajali, maana gari lililoko korongoni halina pointi. Ukimaliza hayo ndipo uulize kama kulikuwa na amri ya timu, na utaiona kwenye saa kama ilikuwapo.

Unataka kuingia mwenyewe? Kisiwani kwetu hakuna mashindano ya magari; itabidi uvuke bara. Chama cha Magari Tanzania, AAT, ndicho chenye mamlaka ya mchezo huu na ndicho kitakachokuelekeza kwenye leseni. Anza kwa kujitolea kusimamia njia au kushika saa, hakuna gharama kubwa na utajifunza kuliko aliyenunua gari. Hatua ya pili ni kiti cha msoma ramani: Evans ana Scott Martin, Ogier ana Vincent Landais, na bila hao wawili majina mnayoyataja yasingekuwapo. Gari liwe la kawaida, lenye kizimba cha chuma, mkanda sahihi na helmeti inayokubalika. Nguvu ya injini ni ya mwisho kwenye orodha. Weka fedha kwenye shokomzoba na matairi kabla ya injini. Na barabara ya Kilindoni kwenda Utende ni ya watoto wa shule, wagonjwa na wageni wa hifadhi ya bahari. Anayeshindana pale si dereva wa mashindano, ni mhalifu.

Nasema haya kwa sababu naupenda mchezo huu na nawapenda vijana wanaoufuatilia. Kijana anayeamini kila aliyeshindwa aliibiwa hatajifunza kushinda. Atakaa akisubiri mtu wa kumbeba, na akikosa atamtafuta wa kumlaumu. Evans hakukaa hivyo. Msimu ulipokwisha alimpa mwenzake mkono.

Hukumu yangu ni hii: Ogier ni bingwa halali wa 2025, Evans ni dereva aliyebeba mzigo mzito zaidi wa barabara msimu ule, na Toyota hawakumwibia yeyote. Anayetaka kubishana nami karibu sana, ila aje na orodha ya kuanzia na muda wa mikondo mkononi.